Nafsi Moja au Nafsi Nyingi: Chandogya na Samkhya

Katika Chandogya Upanishad, andiko la kale la Kihindu, Uddalaka anamwagiza mwanawe Shvetaketu atie chumvi katika maji usiku, na kulipokucha anamtaka airudishe. Kijana anapapasa haioni. Lakini akionja juu, katikati na chini, kote ni chumvi tupu. Ndivyo, asema baba, ulivyo uhalisi uliomo katika vitu vyote, na hicho ndicho wewe. Kwa fundisho hili nafsi, yaani atman, haikomei kwenye ngozi ya mtu.

Wafuasi wa Samkhya, mkondo wa kale wa falsafa ya Kihindi, ambao andiko lao kamili la kale zaidi lililotufikia ni Samkhyakarika ya Ishvarakrishna, wanaukataa umoja huo. Nafsi, wanayoiita purusha, ni nyingi, kwa kuwa watu huzaliwa na kufa kwa nyakati tofauti, na huyu akipofuka yule huendelea kuona. Tena nafsi hiyo haitendi lolote. Hutazama tu, huku maumbile, yaani prakriti, ambayo ndani yake imo hata akili (jambo linalomshangaza msomaji mgeni), yakicheza mbele yake kama mcheza ngoma anayeondoka uwanjani akishatazamwa.

Hoja ya Samkhya naiona rahisi zaidi kuitetea, ila ina ufa: ikiwa kila purusha ni ufahamu mtupu usio na sifa, ni nini kinachoitenga hii na ile? Chumvi ya Uddalaka haina shida hiyo, lakini nayo inadaiwa maelezo kwa nini jino langu likiuma jirani yangu hulala usingizi.