Tahadhari: Singa Bandia za Mbuzi wa Angora Zinauzwa Nakuru

Kwa wapenzi wote wa wanasesere wa zamani, hasa mlio Nakuru, Kisumu na Kakamega.

Yupo muuzaji anayetangaza kwa simu kwamba anafuga mbuzi wa Angora upande wa Molo na kwamba anauza moheri halisi, yaani singa za mbuzi hao, ya kurudishia nywele za wanasesere wa kaure. Nawasihi msimlipe kabla ya kuupima mzigo wenyewe, kwa sababu hila yake haiko kwenye sampuli. Sampuli anayokukabidhi mjini Nakuru ni moheri ya kweli, laini na yenye mng'ao. Mzigo unaotumwa kwa matatu baada ya malipo ndio wenye tabaka jembamba la moheri juu na akriliki tupu, yaani nyuzi za plastiki, ndani. Mteja mmoja wa Kisumu alishona wigi zima kwa nyuzi hizo, na alipozikunja kwa chuma cha moto ziliyeyuka zikagandia kwenye kofia ya kitambaa ya tangu zamani, ambayo sasa haiwezi kuokolewa.

Madai yake yenyewe yanatosha kumtilia shaka. Anaahidi singa zenye urefu wa sentimita 60, ilhali moheri hukua takriban sentimita 2 hadi 2.5 kwa mwezi na mbuzi hawa kwa kawaida hunyolewa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo singa za unyoaji mmoja hufikia sentimita 12 hadi 15 hivi. Urefu anaoutaja ni wa rasta za saluni, si wa mbuzi.

Mzigo ukifika, chomoa nyuzi chache kutoka katikati ya kifungu, wala si juu, uziwashe kwa kibiriti juu ya sahani ya chuma. Moheri hujikunja ikiukwepa moto, hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha donge gumu jeusi, nazo nyuzi za mimea kama mkonge hunuka karatasi. Jaribio hili lifanyike mbali kabisa na mwanasesere, hasa aliyetengenezwa kwa seluloidi, ile plastiki ya zamani, kwani seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha. Asiyetaka moto aziloweke nyuzi kwenye jiki isiyochanganywa na maji, ndani ya gilasi, kwa saa kadhaa: moheri itayeyuka, akriliki itabaki.

Sufu ya kondoo hupita majaribio yote mawili, kwa kuwa nayo ni ya mnyama, na Molo haina uhaba wa kondoo. Itambue kwa mkono: sufu ina mikunjo midogo ya karibu karibu, haing'ai sana, na ukiisugua kwa sabuni na maji moto hushikamana upesi kuliko moheri.

Kwa waliokwisha kulipa, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli hiyo. Basi msiitupe sampuli mliyopewa. Ihifadhini pamoja na mzigo, matangazo yake na ujumbe wa malipo, kisha mpeleke vyote kituo cha polisi. Ambao hawajalipa wamtake akubali kulipwa mzigo ukishafunguliwa na kupimwa mbele yao. Mimi nilipompa sharti hilo, aliacha kupokea simu zangu.