Kupanga kompaundi ya kifahari Mbezi Beach: uzoefu wangu na karo linalojaa kila mvua

Nianze kwa kuitendea haki Mbezi Beach. Ni pazuri. Jioni upepo wa bahari unafika mpaka ndani, mitaa ina miti, majirani hawapigiani muziki, na kwa Dar es Salaam hayo si madogo. Kiangazi ningeipa nyota nne bila kusita. Lakini naandika wakati mvua za masika bado hazijaachia na uwanja wa kompaundi niliyopanga unanuka, kwa hiyo nitasema wazi kwamba nina hasira, na hasira yenyewe inatoka mahali pamoja: karo, yaani shimo la majitaka.

Dalali akikutembeza huku atakuonyesha bwawa la kuogelea, jenereta, kamera, nyaya za umeme juu ya ukuta, na jiko lenye makabati mpaka darini. Miaka yote kodi za nyumba hizi zilitajwa kwa dola, mpaka kanuni za mwaka 2025 zilipopiga marufuku kutoza kwa fedha za kigeni humu nchini. Sasa zinatajwa kwa shilingi, na bado unadaiwa miezi sita au mwaka mzima mkupuo, pamoja na ada ya huduma kila mwezi. Kitu ambacho hakuna dalali atakionyesha ni mfuniko wa chemba, kile kishimo cha kukagulia mabomba ya majitaka. Na ada ile ya huduma, ukiuliza, utaambiwa inahusu pia majitaka.

Wengi hawajui, au wanajua na hawataki kufikiria, kwamba sehemu kubwa ya jiji hili haina mtandao wa mabomba ya majitaka, na utajiri wa mtaa haubadilishi hilo. Maji safi ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanakuja kutoka mtambo wa Ruvu Chini, yanaingia kwenye simtanki, yanapanda ghorofani. Yakishatumika, yanaishia palepale uwanjani, chini ya pevingi: kwanza septiki, tangi ambamo uchafu unatuama, kisha shimo la kunyonya, ambalo maji yake yanapaswa kupenya ardhini. Sehemu kubwa ya upande wa bahari wa Barabara ya Bagamoyo ni tambarare na maji ya ardhini yako karibu. Kiangazi yanashuka na kila kitu kinafanya kazi. Mvua zikikolea yanapanda, na shimo lililochimbwa futi 10 au zaidi linajikuta limezama. Shimo la namna hiyo halinyonyi chochote. Linafanya kazi kinyume: maji ya ardhini yanaingia kupitia matundu yaleyale ya tofali ambayo majitaka yalipaswa kutokea.

Sasa fikiria nyumba nane zimeunganishwa kwenye shimo moja la aina hiyo. Ndiyo kompaundi yangu.

Dalili zinaanza chini. Kinachorudisha maji kwanza ni tundu la bafu la ghorofa ya chini, kwa sababu ndilo lililo chini kuliko yote. Mashine ya kufulia ikimwaga maji, choo kinaguguma. Mende wanaanza kupanda kutoka kwenye chemba. Ukifika hapo usimwite fundi wa kuzibua, maana hakuna kilichoziba. Maji hayana pa kwenda. Na usimwage dawa kali za kuzibulia, zinaua bakteria wanaoyeyusha uchafu ndani ya septiki, halafu tope linajaa upesi zaidi.

Nilipomweleza msimamizi wa kompaundi, alinijibu langoni, mbele ya walinzi na dereva wa jirani: "Dada yangu, nyie mnatumia maji kupita kiasi. Ongea na msichana wako wa kazi." Nikamwomba afungue mfuniko tupime. "Hilo si eneo la mpangaji." Akageuza mgongo. Siku iliyofuata akaleta pakiti za dawa ya vyoo, zile za bakteria wa unga, akagawa nyumba kwa nyumba kama vile tatizo limekwisha. Bakteria wanakula kinyesi. Maji ya ardhini hawayali.

Hesabu ya kumjibu mtu wa namna hiyo ni rahisi na kila mpangaji anaweza kuifanya. Nyumba nane zenye watu watano watano ni watu 40. Kila mtu akitumia lita 120 kwa siku, jumla ni lita 4,800. Gari la kunyonya la lita 10,000 likiondoa mzigo kamili, basi hata kama shimo halinyonyi tone, linapaswa kukaa siku mbili kabla ya kurudi pale lilipokuwa. Likirudi kabla ya alfajiri, usiniambie habari za msichana wa kazi.

Kipimo chenyewe ni fimbo. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 3 lina eneo la karibu mita za mraba 7, kwa hiyo kila sentimita 10 za kupanda ni kama lita 700. Tia alama saa 5 usiku, watu wakiwa wamelala, pima tena saa 11 alfajiri. Matumizi ya usiku yatapandisha sentimita chache tu. Ukikuta nusu mita, hizo ni lita 3,500 ambazo hakuna aliyezioga. Pima ukiwa nje, kwa fimbo ndefu, na mtu yeyote asiingie shimoni hata kwa dakika moja; hewa ya humo inaua, na anayeshuka kumwokoa mwenzake naye anafia humohumo.

Ukiacha maji ya ardhini, kuna mwizi wa pili wa nafasi ya shimo, ambaye wajenzi wengi wa kompaundi hizi wamemkaribisha wenyewe: maji ya paa. Mifereji ya paa imeteremshwa kwa bomba, na kwa kuwa hapakuwa na mtaro karibu, fundi akaiunga kwenye chemba. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 50 linatoa lita 10,000. Mvua ya kiasi hicho si ajabu Dar mwezi wa 4. Yaani paa moja linajaza gari zima kwa siku moja, nasi tunalipia kulivuta. Kugundua ni kazi ndogo: mwagia ndoo ya maji yenye rangi ya chakula kwenye mfereji wa paa, kisha tazama chemba ya karibu.

Kuhusu magari yenyewe sina lawama kubwa, wale vijana wanafanya kazi ngumu. Ila masika kila mtu anawataka, wanakuja usiku, lango ni fupi, gari likiingia linavunja pevingi, mpira wa kuvutia haufiki. Na kuna jambo ambalo msimamizi haelewi kabisa: kulikausha shimo wakati ardhi imejaa maji ni hatari. Tangi la plastiki likibaki tupu linasukumwa juu na kung'oa mabomba yake. Shimo la tofali linaweza kubomoka kuingia ndani. Masika unavuta tope na sehemu ya maji, unaacha mengine yabaki kama uzito.

Hapa ndipo nilipoiondoa ile nyota ya nne, na ya tatu, na ya pili. Usiku wa mvua kubwa, pampu ya kuzama ikashushwa kwenye shimo na mpira ukaelekezwa kwenye mtaro wa maji ya mvua barabarani. Kutapisha. Kitu ambacho watu wa Masaki na Mbezi Beach wanakisema kwa dharau kuhusu Manzese na Tandale kinafanyika nyuma ya ukuta wenye kamera nane. Mtaro ule unaelekea ufukweni, ambako watoto wanaogelea wikiendi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na ile ya Afya ya Jamii ya 2009 zinakataza kumwaga uchafu kwenye mazingira, na hakuna kifungu kinachowasamehe wenye nyumba za ghorofa. Visima vya kuchimba vya eneo hili vingine tayari vina chumvi; ukiongeza na karo la jirani, maji hayo hata kupigia mswaki sishauri.

Wala haya si mambo yasiyotibika. Kwanza tenga maji ya paa, kazi ya siku chache. Septiki izibwe pande zote kwa plasta isiyopitisha maji, iwe na vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kikubwa maradufu ya cha pili, na bomba za T mwanzoni na mwishoni ili mafuta na utando wa juu visikimbilie kwenye shimo na kuziba udongo. Jikoni pawe na mtego wa mafuta kabla ya chemba, unaosafishwa kila wiki. Bomba la nyumba za chini liwekewe valvu ya kuzuia maji kurudi. Halafu lile shimo refu lifutwe. Badala yake iwe mifereji mipana ya kina kifupi: bomba za inchi 4 zenye matundu, juu ya kokoto zilizooshwa, zimefunikwa kitambaa cha kuchuja ili mchanga usiingie, na sakafu yake iwe angalau mita 1.2 juu ya kiwango ambacho maji ya ardhini hufikia masika. Kiwango cha masika, si cha mwezi wa 9 ambapo mafundi wanapenda kupima. Kama ardhi haitoi nafasi hiyo, inainuliwa kwa tuta la mchanga wa chenga kubwa na majitaka yanapandishwa kwa pampu yenye boya. Na kama uwanja wote umeliwa na maegesho, basi lijengwe tangi lililozibwa kabisa, livutwe kwa ratiba, na gharama iwe ya mwenye nyumba.

Unayetaka kupanga huku, njoo uangalie nyumba siku mbili baada ya mvua kubwa. Fungua chemba mwenyewe. Ukiona alama ya maji imechora ukuta juu ya mdomo wa bomba, ujue maji hurudi nyuma. Uliza shimo liko wapi na linahudumia nyumba ngapi. Vuta hewa bafuni chini, si sebuleni walikowasha ubani. Mkataba utaje kwa maandishi nani analipa gari. Ukiweza, tafuta upande wa mlimani, Salasala au Mbezi Juu, ingawa upepo ule wa bahari utaukosa, na mimi nakiri nisingependa kuukosa.

Ndiyo maana bado sijahama. Mtaa hauna kosa. Kuna nyumba hapa hapa, zilizoinuliwa na kujengwa na watu waliojali, ambazo masika yote hazikutoa hata harufu, na wanaokaa humo hawatanielewa. Lakini mimi nalipa kodi ya nyumba hii, si ya zile, na mtu anayepokea ada yangu ya huduma ananiambia nioge kidogo. Nyota moja. Mwenye nyumba akizing'oa zile pevingi na kujenga upya kabla ya mvua za vuli, nitairekebisha.