Buti, begi na hema za caguwa Goma: zipi zinafika kileleni

Balo la caguwa, yaani mitumba, likikatwa asubuhi, buti za milimani ndizo za kwanza kuonekana na za kwanza kudanganya. Ngozi inang'aa, kamba ni nzima, soli ina meno kama imetoka dukani jana. Mnunuzi anatazama meno, anatoa dola zake, anaondoka. Meno hayo hayana shida yoyote. Shida iko sentimita moja juu yake.

Vifaa vinavyopimwa hapa ni vile vya soko la Virunga na Birere, mjini Goma, mashariki ya Kongo, na kipimo ni safari mbili: Nyiragongo, mita 3,470, volkano inayofungwa na kufunguliwa kufuatana na moto wake na hali ya usalama, na Kahuzi, mita 3,308, upande wa Bukavu. Hakuna kibanda kinachosifiwa kuliko kingine, kwa sababu mali hubadilika kila balo. Bei nayo hutegemea balo na uso wa mnunuzi.

Turudi kwenye buti. Kati ya ngozi na mpira wa chini kuna tabaka la povu gumu, mara nyingi la poliuretani. Povu hilo huuawa na unyevu wa hewa kuliko mwendo. Maji ya hewani yanaingia polepole, yanavunja plastiki yenyewe kutoka ndani, na buti iliyolala kabatini Ulaya miaka kumi inaweza kuwa imeoza kuliko ile iliyovaliwa kila wiki. Kwa nje huoni kitu. Unaanza kupanda, baada ya saa mbili kisigino kinaachia, halafu povu linamwagika kama makombo ya mkate mkavu.

Kwa hiyo usinunue kwa macho. Kunja buti kwa nguvu mahali vidole vinapokunjika, mara ishirini, palepale kibandani. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba: povu zima linarudi, lililokufa linabaki na shimo au linatoa unga. Tafuta nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, hasa juu ya kisigino. Kisha funua ulimi: kampuni nyingi hushona humo kitambaa kidogo chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Ikipita miaka minane na soli ni ya poliuretani, iache hata kama ni ya bure. Nembo ya njano ya Vibram chini ya soli inakuambia mpira umetoka wapi. Kuhusu povu lililo juu yake haisemi lolote. Muuzaji akinuna, "Mama, acha niikunje kwanza, nitalipa" inatosha. Anayekataa buti yake ikunjwe ana sababu anayoijua.

Soli iliyobanduka si lazima iwe imekufa. Kama povu ni gumu na ni gundi tu iliyoachia, fundi viatu ataipaka gundi upya na kuishona kandokando kwa uzi mnene wa nailoni, na buti hiyo itatembea miaka. Kama povu linatoa unga, kushona ni kupoteza uzi: nyuzi zitalikata kama waya unavyokata sabuni. Hesabu malipo ya fundi kabla ya kukubaliana bei, siyo baada.

Kuhusu namba, chukua moja juu ya viatu vya mjini. Vaa soksi nene, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kidole kimoja kipite nyuma ya kisigino. Kupanda kunasamehe buti inayobana. Kushuka mita 1,500 mpaka Kibati, inapoanzia njia ya Nyiragongo, hakusamehi, na kucha za vidole gumba ndizo zinazolipa.

Sasa gambuti, maana wengi huuliza kwa nini wasumbuke na buti wakati wafugaji wa Masisi wanazunguka vilima vyote na gambuti. Jibu linategemea mlima. Kahuzi ni msitu, mianzi na tope linalofika nusu ya muundi. Huko gambuti inaishinda buti yoyote ya ngozi, mradi ndani uvae soksi mbili na juu usiibane sana. Nyiragongo ni mawe yaliyomwagika, mepesi, yenye kingo kama chupa iliyovunjika, yanayobingirika chini ya mguu. Gambuti haishiki kifundo cha mguu, soli yake ni laini, na jiwe moja la pembeni linatosha kuipasua. Kwa volkano, buti ya kufunika kifundo. Kwa msitu, gambuti mpya, siyo ya caguwa: mpira uliozeeka hupasuka palepale unapokunjika.

Begi ni habari njema zaidi. Caguwa ya Goma ni nzuri kwa mabegi, kwa sababu kinachoharibika kinaonekana. Lita 40 hadi 50 zinatosha kwa usiku mmoja. La lita 70 litajazwa tu kwa sababu lina nafasi. Kwanza tazama mkanda wa kiuno, maana uzito unatakiwa ukae kwenye mifupa ya nyonga na mabega yaongoze tu. Begi lisilo na mkanda mnene wa kiuno ni la shule, hata liwe kubwa namna gani. Pima mgongo: kutoka mfupa unaojitokeza chini ya shingo mpaka usawa wa juu wa nyonga, kisha linganisha na umbali wa mikanda ya begi. Lijaze nguo za kibanda hichohicho, livae, panda ngazi yoyote iliyo karibu. Mikanda ya mabega ikielea hewani badala ya kukumbatia bega, begi ni refu mno kwako.

Bizimu za plastiki zilizovunjika zisikutishe. Pima upana wa mkanda kwa rula (mara nyingi milimita 20, 25 au 38) na uzitoe kwenye begi bovu la shule. Zipu inayoachana nyuma ya kichwa chake mara nyingi ni kichwa kilicholegea: kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili, kidogo sana, maana ukizidisha kinavunjika. Ila ukiona ndani ya begi kunabanduka magamba meupe kama mba, hiyo ni ngozi ya kuzuia maji inayokufa, na hairudi. Begi lenyewe bado linafaa. Weka ndani mfuko mzito wa plastiki, vitu vyote vikae humo; unazuia maji kuliko kifuniko cha nje kinachopeperushwa na upepo. Anayevuka Gisenyi akumbuke kuwa Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na wa mpakani hawaulizi kama ni wa mlima.

Jaketi za mvua zina ugonjwa wao. Geuza ndani nje. Utepe uliobandikwa juu ya mishono ukiinuka, au kitambaa kikitoa malengelenge, acha. Kama ndani ni nzima lakini nje inalowa kama taulo, huenda ni uchafu na mabaki ya sabuni ya unga tu. Ifue kwa sabuni laini, isuuze mara tatu, ikauke, kisha pitisha pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa cha pamba. Pasi ya makala (makaa) haifai kabisa kwa kazi hii: huwezi kupunguza moto wake, na cheche moja inatoboa nailoni.

Hema linunuliwe kwa pua. Fungua mfuko, nusa. Harufu chungu kama ya matapishi, pamoja na kitambaa kinachonata mikononi, ni dawa ya kuzuia maji iliyooza. Hakuna fundi wa hilo. Halafu hesabu nguzo na uziunganishe zote pale sokoni. Kipande kimoja kikikosekana utauziwa ahadi ya "kesho nitakuletea". Vigingi visikusumbue, kwani kwenye lava haviingii: funga kamba kwenye jiwe dogo, kisha weka kubwa mbele yake lizuie. Chini ya hema tandika shitingi (turubai la plastiki), kingo zake zikunjwe ndani zisitokeze. Zikitokeza zinakusanya maji ya mvua na kuyaleta chini ya mgongo wako. Nunua ya kukatwa kwa mita kwa mfanyabiashara. Ile yenye alama za msaada ina mwenyewe anayeihitaji, na ya mita 4 kwa 5 ina zaidi ya kilo 4 za kubeba bure.

Mahali pa kusimamisha hema ni muhimu kuliko hema, na watu wa Goma wana neno lake: mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Haina rangi. Ukijaribu vifaa vyako pembezoni mwa ziwa au magharibi ya mji, usilale kwenye shimo linalokinga upepo, hata lionekane zuri kiasi gani. Waulize wenyeji wapi mbuzi hufa.

Mfuko wa kulalia: wa nyuzi, siyo wa manyoya ya bata. Manyoya ni mepesi na yana joto, lakini yakilowa yanajikunyata na joto linaisha, na Kivu hailowi kidogo. Uinue kwenye mwanga. Sehemu zinazopitisha mwanga ndiko ujazo ulikoachia. Kwenye lebo soma kiwango cha joto cha kulala vizuri, siyo kile cha mwisho, ambacho ni cha kutokufa tu. Kileleni usiku hukaribia sifuri, basi tafuta unaosema sifuri au chini, na uhesabu kuwa uzee umekula nyuzi joto kadhaa. Chini yake weka mkeka wa povu gumu. Sponji ya godoro inakunywa maji, inakuwa mzigo.

Majiko madogo ya gesi yapo, mazuri, bei rahisi. Uliza kwanza kichupa cha gesi yake. Bila kichupa chenye skrubu inayolingana, jiko ni pambo la meza. Babula, jiko la makala, isiingie hemani hata dakika moja: moshi wa makala usioonekana umeua watu ndani ya nyumba zenye madirisha. Na maharage yapikwe nyumbani, maana juu kule maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, na yatakushinda. Maji ya kunywa nayo hutayakuta mlimani. Beba lita nne kila mtu.

Kifaa cha mwisho hakiuzwi kwenye caguwa. Waombe mafundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mpira wa ndani wa tairi na ukate ukanda wa mita moja, upana wa vidole viwili. Ongeza waya laini, sindano nene, uzi wa nailoni na koleo dogo. Soli ikiachia njiani, anzia kwenye pua ya buti, vuta ukanda mpaka ukaribie kukatika, zungusha mara tatu katikati na mara mbili kisiginoni, kisha funga fundo juu ya ulimi. Fundo likikaa chini ya unyayo, lava italikata kabla hujafika Shaheru, kreta ya zamani iliyo kwenye njia ya Nyiragongo.