Walinifutia riwaya nikiwa zamu ya usiku: uzoefu wangu na programu ya vitabu pepe

Kama unafikiria kununua riwaya kwenye hizi programu za vitabu pepe zinazolipiwa kwa M-Pesa, ngoja kwanza. Mimi nimekuwa mteja wao mwaminifu kwa muda mrefu. Nimewaletea wateja kutoka wodini na kutoka kwenye kundi letu la wasomaji hapa Kisumu. Na majuzi wamenitendea jambo ambalo hata muuza mitumba wa soko la Kibuye hathubutu kulitenda: wamerudi usiku wakachukua walichoniuzia. Jina lao silitaji. Wenyewe watajijua.

Mimi ni muuguzi, na ninachopenda kusoma ni riwaya za kisayansi, hasa za anga za mbali. Kitabu chenyewe kilikuwa cha tatu katika mfululizo wa riwaya kuhusu vyombo vinavyochota barafu kwenye pete za sayari ya Zohali. Vile viwili vya kwanza nilivimeza. Hiki cha tatu nilikilipia kabla hakijatoka, na asubuhi kilipotoka nilikuwa ndani ya tuktuk nikielekea nyumbani kutoka kazini, simu ikalia, kitabu hicho hapo. Marekani walikuwa bado usiku. Nilifurahi kama mtoto, sikatai, na siku hiyo hii programu ningeipa nyota zote.

Sasa sikilizeni. Mimi sisomi kwa kupitisha macho. Ninapaka rangi mistari, ninaandika pembeni. Katika kitabu hiki kulikuwa na jambo lililonikereketa kitaalamu: nahodha anakaa miaka bila uzito chomboni, halafu anatua na kutembea kana kwamba ametoka kuoga. Mtu yeyote aliyesoma afya ya wanaanga anajua kwamba mifupa inayobeba mwili, ya nyonga na ya uti wa mgongo, hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya msongamano wa madini yake kila mwezi mtu akielea bila uzito. Ndiyo maana wanaanga hulazimishwa kufanya mazoezi takriban saa mbili kila siku. Nahodha wetu hakuonyeshwa akinyanyua hata chuma kimoja. Nilikuwa nimejaza maelezo sura baada ya sura, nimefuata miezi yake yote angani, nikijiandaa kwa mjadala wa Jumamosi. Kuna mhandisi kwenye kundi letu anayemtetea mwandishi huyu kwa jino na ukucha, na safari hii nilikuwa na hoja ya kumnyamazisha.

Ijumaa usiku, wodi imetulia, dawa za saa sita nimeshagawa, nikafungua nimalizie sura za mwisho. Jalada limekuwa la kijivu. Nikagusa. "Kitabu hiki hakipatikani katika eneo lako."

Eneo langu ni lile lile nililonunulia! Nilizima simu nikawasha. Nikatoka kwenye akaunti nikaingia tena. Vile viwili vya kwanza vipo, cha tatu hakuna, na maelezo yangu yote yamekwenda nacho. Hakuna ujumbe, hakuna barua pepe, hakuna hata samahani. Nilimaliza zamu ile nikiwa na hasira ambayo si nzuri kuwa nayo karibu na wagonjwa.

Asubuhi sikwenda nyumbani. Wana wakala wao hapa mjini, meza ndani ya duka la simu kwenye moja ya hizi mall, na nilikaa nje mpaka wakafungua. Akaja kijana ambaye ni wa umri wa kitinda mimba wetu. Nikamsalimu vizuri. Nikamweleza vizuri. Yeye macho yake yako kwenye simu yake, kidole kinateleza juu, chini, juu.

"Hiyo ilitolewa, madam," akasema.

"Ilitolewa na nani?"

"Haki za kuuza. Hiyo ilikuwa toleo la Marekani. Huku haifai kuuzwa."

"Lakini mliniuzia."

Hapo ndipo akainua macho, na ningefurahi kama angebaki kwenye simu yake. "Madam, hukununua kitabu. Ulinunua ruhusa ya kukisoma. Si usome masharti?"

Nikamuuliza pesa zangu. Nitawekewa pointi kwenye akaunti. Nikamwambia mimi sikulipa kwa pointi, nililipa kwa shilingi. Akanyanyua mabega. Nikamuuliza maelezo yangu niliyoandika. Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu, usiku nikiwa kazini. Hayo hayana haki za Marekani, hayo ni yangu. Akajibu hivi: "Si uandike tena?"

Niandike tena wapi? Kwenye kitabu gani?

Na nilipobaki pale nikitafuta neno la kumjibu, akanyoosha mkono kuashiria mtu aliyekuwa nyuma yangu, aliyekuja kununua chaja, akasema, "Mathe, kuna watu wanangoja." Nimeingia pale "madam", nikatoka "mathe". Mteja anayelipa kabla bidhaa haijatoka! Sitamsahau kijana yule. Natumaini mwajiri wake atasoma hapa na kumfundisha kuinua kichwa mtu anapozungumza naye.

Mjadala ulikuwa alasiri hiyo hiyo. Nilikwenda bila usingizi na bila kitabu. Kundi letu ni watu wachache wanaokutana Milimani: mwalimu mstaafu, yule mhandisi, wanafunzi wawili wa chuo, mama mmoja wa benki, na mimi. Wengine walikuwa wamenunua kupitia programu hiyo hiyo na nao wamenyang'anywa, ila wao walikuwa wameshamaliza. Mimi nilikuwa nimebakisha sura za mwisho kabisa. Mhandisi akasema nahodha amejitoa mhanga. Akasema kabla hajaniuliza nimefika wapi. Nilitoka barazani kidogo. Miezi ya kusubiri kitabu kimoja, halafu mwisho wake unaambiwa na mtu mwenye sambusa mdomoni kwa sababu kampuni fulani haikujua inaruhusiwa kuuza wapi.

Nilipojaribu kuleta hoja yangu ya mifupa, sikuweza kutaja sura wala kusoma mstari. "Mwandishi ameeleza mahali," mhandisi akasema, "wewe hukuona tu." Hakuna mahali! Nilikuwa nimeandika kwamba hakuna! Lakini ushahidi uko kwenye kompyuta ya watu, na mimi nabishana kwa kumbukumbu.

Mwalimu ndiye aliyenikumbusha kwamba hili si geni. Yeye husoma karatasi tu, na nakala yake ya kitabu hiki alitumiwa na bintiye aliye Uingereza. Mwaka 2009 Amazon waliingia kwenye vifaa vya kusomea vya Kindle vya wateja wakafuta vitabu viwili vya George Orwell, kimoja kikiwa 1984, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Walirudisha pesa, na mkuu wao Jeff Bezos akaomba radhi hadharani. Mwanafunzi mmoja wa Michigan aliyekuwa ameandika maelezo yake ya masomo ndani ya nakala hiyo aliwashtaki, na wakaelewana nje ya hukumu. Mwaka 2019 Microsoft walipofunga duka lao la vitabu, vitabu vyote vilizimika, lakini walirudisha pesa, na mteja aliyekuwa ameandika maelezo kabla ya tangazo lao aliongezewa dola 25. Haitoshi, ila angalau mtu alikaa mahali akafikiri kwamba maelezo ya msomaji ni kitu chenye thamani. Hawa wetu wameniambia niandike tena.

Baada ya hapo mwalimu akatoa mkobani nakala yake ya Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, kile kitabu ambamo Dzombo anasafiri kwa chombo cha angani. Nakala ile imepita mikononi mwetu sote. Mimi niliisoma wodini, mama wa benki aliirudisha na doa la chai, mmoja wa wanafunzi ameipigia mistari kwa penseli, na hakuna mtu amewahi kugonga mlango wa mwalimu kumwambia haipatikani katika eneo lake. Nilipokitazama kile kitabu niliamua: karatasi tu, mpaka nizeeke.

Lakini tuwe wakweli, kwa sababu nataka hii iwasaidie watu. Karatasi hapa Kisumu inapatikana wapi? Ingia maduka ya vitabu mjini. Utapata vya kiada, Biblia, kamusi, vitabu vya kujitajirisha, na rafu moja ya riwaya ambazo zimekaa hapo tangu nikiwa chuo cha uuguzi. Riwaya mpya ya kisayansi lazima uagizie Nairobi, ije na basi. Kitabu chenyewe kimeshatozwa VAT ya asilimia 16, ambayo serikali iliiweka kwenye vitabu mwaka 2013, halafu ongeza nauli ya kifurushi. Kitabu kimoja chenye jalada gumu kinakula matumizi ya nyumba. N. K. Jemisin aliposhinda Tuzo ya Hugo ya riwaya, ile kubwa ya hadithi za kisayansi, miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyekuwa amelifanya kabla yake, nilimsoma kwenye simu. Nnedi Okorafor aliposhinda ile ya 2016 ya riwaya fupi, nilimsoma kwenye simu. Kwa karatasi ningewasikia majina tu. Na stima ikipotea, na mnajua stima zetu, kifaa chenye mwanga wake hakihitaji mshumaa. Na mvua ya jioni ikikukuta kwenye bodaboda kati ya Kondele na Mamboleo, kitabu cha karatasi ndani ya mkoba kinakuwa uji.

Kwa hiyo nikaanza kusema labda tatizo si vitabu pepe, ni yule kijana. Nikaandika nyota mbili. Halafu nikakaa nikafikiri, na hasira ikanirudia upya, maana kijana, pamoja na utovu wake wote wa adabu, ndiye peke yake katika kampuni ile aliyeniambia ukweli. Hukununua kitabu. Ni kweli. Masharti yao nimeyasoma sasa, yale marefu yanayoua macho, na yanasema hivyo hivyo. Lakini kile kitufe nilichobonyeza usiku ule wa kulipa hakikusema "Kodi". Hakikusema "Azima mpaka tutakapoamua". Kilisema "Nunua", kwa herufi kubwa, rangi ya machungwa. Jimbo la California limepitisha sheria juu ya jambo hili, imeanza kazi mwanzoni mwa 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kumwambia mteja ananunua wakati anampa leseni inayoweza kuondolewa, mpaka amweleze hivyo waziwazi. Wabunge wetu wako wapi? Mama mboga akikuuzia sukuma wiki akaja kuichukua sufuriani tutaita polisi.

Na wasije wakaniambia haiwezekani kufanya vingine. Tor, ambao ni wachapishaji wakubwa kabisa wa riwaya hizi zetu, waliondoa kufuli la kidijitali, lile linalozuia kunakili, kwenye vitabu pepe vyao tangu 2012. Wachapishaji wengine, Baen, wamekuwa wakiuza bila kufuli tangu 1999. Unalipa, unapakua faili, unaiweka kwenye kompyuta yako, unaihifadhi na nakala nyingine kwenye flashi, na hata duka lile likifungwa kesho kitabu bado unacho. Tangu tukio hili natafuta kwanza kama kitabu kinauzwa hivyo. Kisipouzwa hivyo, na ninakitaka sana, naagiza karatasi na kuvumilia. Ni ghali. Nimesoma vichache zaidi mwezi huu kuliko kawaida yangu, na hilo pia nawadai wao.

Programu yenyewe, nisiseme uongo, inafanya kazi vizuri. Kurasa hazikwami, herufi unaweza kuzikuza, malipo ni ya sekunde chache. Kwa mtu anayesoma mara moja na kusahau, anayejua anakodi, na asiyeandika chochote pembeni, pengine inafaa. Mimi nimeipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya asubuhi ile kwenye tuktuk. Jana nimepata ujumbe kwamba pointi zangu zitaisha muda nisipozitumia kabla ya mwisho wa mwezi. Nimerudi nikaiondoa hata hiyo moja.

Ninachotaka ni hiki, na meneja wao yeyote anayesoma asisingizie kwamba hakuelewa. Pesa zangu zirudi kwa M-Pesa, kwa nambari ile ile iliyolipa, zikiwa shilingi. Maelezo yangu yatumwe kwa barua pepe, yote, pamoja na namba za sura, kwa sababu mwezi ujao kundi linarudia kitabu hiki hiki na mhandisi bado anadai mifupa ya nahodha imeelezwa.

Na kijana wa mezani aambiwe mimi ni madam.