San Andreas: gemu linaloijua hip hop, na bado linatubana

Ukiniuliza ni gemu gani linaijua hip hop kwa ndani, nitataja GTA (Grand Theft Auto): San Andreas kabla hujamaliza swali. Lilitoka 2004. Nililizoea kwenye PlayStation 2 za vibanda vya Katwe, hapa Kampala, sasa ninalo kwenye simu.

Hadithi ni ya 1992. Carl Johnson, yaani CJ, anarudi Los Santos, mji uliochorwa kwa mfano wa Los Angeles, kumzika mama yake. Kabla hajafika nyumbani polisi wanamsimamisha na kumnyang'anya pesa. Mkubwa wao, Tenpenny, ni mweusi kama yeye, na sauti yake ni ya Samuel L. Jackson. Nawapongeza waandishi hapo: hawakudhani kwamba wenye rangi moja ni lazima wawe upande mmoja. Tenpenny akiachiwa huru na mahakama, mji unawaka, kama Los Angeles ilivyowaka mwaka huohuo baada ya polisi waliompiga Rodney King, dereva mweusi, kuachiwa.

Halafu kuna kinyozi! Magemu mengi niliyocheza humpa mhusika mweusi kipara, basi. CJ anasuka, anafuga afro, ananenepa akila ovyo, anajengeka akienda jimu.

Ila anayenivuta zaidi ni OG Loc. Anataka kuitwa rapa wa mtaani na kuchana, yaani kurap, hawezi, kwa hiyo CJ anaenda kumwibia rapa maarufu Madd Dogg daftari la mistari. Madd Dogg mwenyewe kaigizwa na rapa Ice-T! Kampala tunao kina OG Loc wetu, wanaochana kwa lafudhi ya Marekani kuhusu maisha ambayo hawajawahi kuyaishi. Ndiyo maana nawaheshimu sana rapa Babaluku na kundi lake Bataka Squad, waliosimama na Kiganda chao na kuijenga Lugaflow, rap ya Kiganda.

Sasa lawama zangu. Weusi wa Los Santos, ukiwatazama, karibu wote ni genge au muziki. Mwalimu yuko wapi? Fundi, muuguzi, mwenye duka? Kendl, dada yake CJ, ana akili kuwashinda kaka zake na bado anapewa nafasi finyu. Kwa nguzo za hip hop, michoro ya ukutani ipo, CJ anapulizia rangi alama 100 za magenge, na redio ina dijei wa kweli, Julio G. Kudansi nako ni kubonyeza vitufe tu, hakuna duara la kushindana breakdance. Kwangu mimi wa mji ambao Breakdance Project Uganda imefundisha vijana bure tangu 2006, pengo hilo linauma.

Kwenye simu, kuendesha gari kwa vidole ni taabu; tafuta pedi ya kuchezea gemu ya bluetooth. Na ni gemu la watu wazima, lina damu na matusi mengi. Mdogo wangu wa darasa la sita analiomba kila mara, nami namfungulia la mpira.