Linux Mint kwenye laptopu ya ex-UK: nani ahame, nani asubiri

Hamjambo watazamaji. Hii hapa mezani ni HP EliteBook 840 G3, ex-UK, ile ile iliyotapakaa madukani hapa Mombasa. Mashine imara, kibodi tamu, ila prosesa yake ni Intel kizazi cha 6, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 nayo, Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Basi leo tunaijaribu Linux Mint 22, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, toleo la Cinnamon, linalopata masasisho hadi 2029.

Ramu ya GB 4 inatosha, lakini ukifungua Chrome tabu kumi utaisikia inavyohema, weka 8. Faili ya kupakua inakaribia GB 3. Tafuta flashi ya GB 8, uiandikie faili hiyo kwa programu ya Rufus, na ujue kila kilichomo humo kitafutika.

Ukiwa bado ndani ya Windows, angalia BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya hadisiki. Ikiwa imewashwa, hifadhi ufunguo wake nje ya mashine kisha uizime, la sivyo kisakinishi cha Mint hakitaweza kupunguza sehemu ya hadisiki iliyo ya Windows. Halafu fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike powercfg /h off. Hii inaua Fast Startup. Bila hivyo Windows haizimiki kikweli, inalala tu, na Mint itasoma faili zako ikatae kuziandika. Hapo ndipo watu huilaumu Mint bure.

Zima, washa huku ukigonga F9, chagua flashi. Mint inafunguka bila kugusa hadisiki, na hapo, tafadhali, usikimbilie kusakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, kisha chomeka printa uchape ukurasa mmoja. Printa nyingi za HP hukubali zenyewe. Canon LBP za zamani ndizo zenye ukaidi. Wi-Fi ya Intel huwaka papo hapo. Ya Broadcom ikigoma, chomeka simu kwa waya upate intaneti, na ukishasakinisha, vuta draiva kupitia Driver Manager.

Anayeishi kwa Photoshop abaki alipo. Mhasibu mwenye majedwali ya Excel yaliyojaa makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, pia: LibreOffice italifungua jedwali, makro zigome. Kazi ya kwenye kivinjari haina taabu.

Unapogawa hadisiki, chomeka chaji na betri iwe na moto. Stima ikipotea katikati, faili zako ndizo zitakazoumia, na betri za ex-UK mnazijua wenyewe.

Ukibaki na mifumo yote miwili, saa inaweza kuvurugika: Mint huiweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, Windows huisoma kama saa ya hapa. Ni saa nne asubuhi, Windows inakwambia saa moja. Fungua Terminal ya Mint, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha rudi Windows uirekebishe mara moja.