Prometheus: Upasuaji wa Kutisha, Halafu Hakuna Aliyeuliza Kitu

Watu wangu, karibuni. Leo sitaki kumaliza muda na nani ameigiza na muvi ina dakika ngapi, hayo mnayajua. Leo nina hasira na muvi ninayoipenda. Tunachambua Prometheus, ya 2012, ya Ridley Scott. Na kabla hujaniandikia hapo chini kwamba hiyo ni ya zamani, subiri kidogo. Kila wiki mnaniuliza kwa nini muvi za anga za siku hizi zinashtua lakini kesho yake umeshazisahau. Jibu limo humu, jema na baya pamoja.

Nianze na jema, maana ni jema kwelikweli.

Daktari Elizabeth Shaw, mmoja wa wanasayansi walio kwenye chombo cha anga, anaambiwa ana mimba ya miezi mitatu. Huyu mama tumeshaelezwa hawezi kupata mtoto. Kwa hiyo sisi na yeye tunajua kwa pamoja kwamba kilicho tumboni si mtoto. Anawaponyoka waliotaka kumlaza usingizi, anakimbia hadi chumba cha bosi wa safari, Vickers, kwa sababu kule kuna mashine inayompasua mtu bila daktari. Anaiomba imtoe hicho kitu. Mashine inamjibu kwamba imetengenezwa kwa wagonjwa wa kiume pekee.

Hapo simamisha. Bonyeza, simamisha kabisa.

Chumba ni cha mwanamke. Mashine ni ya wanaume. Kwa nini? Ukitazama mara ya kwanza huna nafasi ya kuuliza, roho iko juu, unataka Shaw apone. Lakini baada ya muda mfupi unagundua kwamba mzee Weyland, mwenye kampuni, yule tuliyeambiwa amekufa, yumo ndani ya chombo. Mashine ilikuwa yake! Yaani mwandishi amekupa siri kubwa ya muvi katikati ya tukio la kushtua, na hukuiona kwa sababu ulikuwa umeziba macho. Omera, huo ndio ufundi.

Sasa tazama mkono wangu. Shaw anabadilisha maagizo: upasuaji wa tumbo, kutoa kitu kigeni. Anajidunga dawa, analala, kioo kinamfunika. Mwale unakata tumbo kwa upana, kutoka huku... mpaka huku, na yeye macho wazi, anajitazama. Linashuka koleo la chuma, linaingia, linavuta. Kinatoka kitu ndani ya utando, utando unapasuka, kinaanza kurusha mikono yake kama pweza, na kinaning'inia juu ya uso wake ndani ya kisanduku kilekile, na tumbo bado liko wazi. Kitovu bado kimeungana naye, anakivuta kwa mkono wake mwenyewe. Halafu mashine inamfunga kwa pini za chuma: tak, tak, tak. Vaa spika za masikioni ukitazama hapo. Hiyo sauti ya pini inanishtua kuliko damu yote iliyomwagika.

Kwa tukio hilo peke yake ningeipa muvi tisa kwa kumi.

Halafu ndiyo hasira yangu inaanza. Shaw anatoka pale akiwa amelowa damu, pini tumboni, anapepesuka kwenye korido, anaingia chumba chenye watu. Mzee Weyland amekaa, anahudumiwa, David yule roboti yupo. Na hakuna anayeuliza! Hakuna anayesema, dada, umefanya nini? Kile kitu kiko wapi? Wale aliowapiga ili atoroke, hakuna anayemdai maelezo. Anavaa suti, anatoka nao tena nje, na muda si mrefu anakimbia na kuruka na tumbo lililopasuliwa siku hiyohiyo. Kina mama wanaonifuatilia, mliofanyiwa upasuaji wa kujifungua, niambieni hapo chini: siku ile ile ungeruka bonde?

Sielezi hivi kwa sababu nataka muvi iwe somo la biolojia. Ninaeleza kwa sababu hofu inahitaji deni. Ukinishtua, lazima mtu alipe baadaye. Shaw akitembea kama hakuna kilichotokea, basi na mimi naambiwa nisahau, na nikisahau tukio limekufa.

Nataka mwone na hii nyingine. Siwezi kuweka kipande chenyewe cha muvi, video itaondolewa, kwa hiyo nimeleta mfuniko wa sufuria na njugu mbili. Mfuniko ni kile chombo kikubwa cha viumbe wageni wa anga, ambacho kina umbo la kiatu cha farasi. Kimeanguka, kimesimama kwa ubavu, kinabiringika. Njugu hii ni Vickers, hii ni Shaw. Wote wawili wanakimbia mbele ya chombo, mstari mmoja, njia ileile kinakoelekea. Ona nikisukuma... kinakuja, kinakuja... na ona nafasi yote hii ya kushoto. Ona ya kulia. Hatua chache tu! Shaw anaanguka, anajiviringisha pembeni, anapona. Vickers anapondwa.

Na kinachoniuma ni kwamba Vickers ndiye mwenye akili kuliko wote mle ndani. Mwenzao Holloway alipoambukizwa, yeye ndiye aliyekataa katakata asiingizwe chomboni, na akamchoma moto mlangoni. Katili, lakini ndiyo karantini. Halafu ndiye mnampa kifo cha mtu asiyejua kukata kona?

Karantini sisi tunaijua. Machi 2020 ilipoingia korona, hapa Kisumu hata mtoto wa darasa la kwanza alijua kutoa barakoa mbele ya watu ni hatari. Tuna Kemri, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, barabara ya kwenda Busia, watu wanachunguza malaria miaka na miaka kwa glavu na utaratibu. Sasa unaniletea wanasayansi waliosafiri hadi mwezi wa sayari nyingine, na huyo Holloway, saa chache baada ya kutua, anavua kofia ya hewa kwa sababu kipimo kinasema hewa inavutika. Hewa sawa. Na vijidudu? Baadaye mtaalamu wa viumbe anamwona mnyama kama nyoka, hajulikani, ametuna, na anataka kumpapasa. Hakuna mtoto wa Dunga ufukweni anayenyoosha mkono kwa nyoka asiyemjua.

Kwenye vibanda vya muvi, kina DJ Afro wanapotafsiri, tukio kama hilo likifika lazima dijei amtafutie mhusika sababu. Atasema amelewa, atasema ana deni nyumbani, chochote, kwa sababu anajua watu kwenye benchi watauliza. Yule dijei anaheshimu watazamaji wake. Waandishi wenye bajeti ya zaidi ya dola milioni 100 walikuwa na nafasi ya kufanya vivyo hivyo.

Kidogo habari za chaneli. Video zitakuwa zinatoka Ijumaa jioni badala ya Jumapili, mliniomba na nimesikia. Wa Nakuru, Kakamega na Bungoma, nimeona maombi yenu ya kuchambua muvi za kuanzia mwanzo wa miaka ya themanini, zinakuja. Kama hujasabskraibu, fanya hivyo sasa hivi, turudi kazini.

Maana mtu huyuhuyu, Ridley Scott, alishafanya jambo hili vizuri 1979, kwenye Alien. Miaka 33 kabla! Kule pia kuna kosa la karantini. Kane, mfanyakazi wa chombo, analetwa huku kiumbe kimemganda usoni, mwenzake Ripley anakataa kufungua mlango, anasema sheria ni sheria. Ash, afisa wa sayansi, anafungua. Ukitazama unapiga kelele, wewe Ash, mjinga wewe! Kumbe si ujinga. Ash ni roboti, na ana amri ya kampuni kumleta yule kiumbe nyumbani hata kama wafanyakazi watakufa wote. Lile ulilodhani ni pengo la hadithi ndiyo hadithi yenyewe.

Na swali la kwa nini wasimpige risasi? Limejibiwa mapema: wanajaribu kukata kidole cha kile kiumbe, damu yake ni asidi, inatoboa sakafu, inashuka ghorofa baada ya ghorofa. Ukimpiga risasi, umejitobolea chombo. Mlango huo umefungwa kabla hujabisha. Ndipo inakuja ile meza ya chakula, Kane amepona, anakula, wanacheka, na kifua kinapasuka. Waigizaji walijua kuna kitu kitatoka, lakini hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani. Veronica Cartwright ilimpiga usoni, na ule mshtuko wake ni wa kweli.

Mtu ataniambia, mbona Terminator 2 unaisifu na ina pengo? Kweli. Muvi ya kwanza, ya 1984, ilisema kisicho na nyama hai hakipiti kwenye mashine ya muda, halafu 1991 tunaletewa T-1000, roboti muuaji wa chuma kinachotiririka. Pengo hilo nimelisamehe, na sababu ninayo. Akishaingia, anafuata sheria zake. Schwarzenegger anamweleza kijana anayemlinda kwamba jamaa hawezi kuwa bunduki wala bomu, ila visu anaweza. Muda mfupi tu kabla ya hapo tumeona jamaa amejigeuza mama mlezi wa kijana, anaongea na simu, mkono wake umenyooka, na upanga umepita kwenye paketi ya maziwa hadi mdomoni mwa mumewe. Kisu kwanza, sheria papo hapo. Pengo moja mlangoni nalivumilia, si mapengo kila chumba.

Sasa bei. Duka la muvi ninalonunua hapa Kondele ni shilingi 50 moja kwenye flashi, na ukichukua kadhaa unapunguziwa. Prometheus inunue, kwa ajili ya ule upasuaji na ile mandhari ya mwanzo, sijaona anga iliyopigwa picha vizuri hivyo. Nilitaka kuipa sita. Nikikumbuka ile mashine ya wanaume pekee naipa saba. Nikikumbuka mfuniko huu, sita na nusu, iishie hapo. Kama pesa ni ya moja tu, chukua ya 1979.

Ijumaa tunachambua ya nyumbani: Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009. Dakika 21 tu, dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanajifungia ndani, na kila tone lina hesabu yake, mpaka jasho lao wanalichuja wanywe. Itazameni kabla ya Ijumaa, na mniandikie ni wapi Asha anavunja sheria na ni gharama gani analipa. Majibu mazuri nitayasoma kwenye video.